Lipia Keja Nayo Kwanza

Kuna stika ya rangi ya machungwa kwenye grili ya duka la anti yangu kule Kayole. Zamani ilisema "Tunapokea Bitcoin Hapa". Jua na mvua vimeila hadi limebaki neno "Tunapokea" peke yake, na wateja wapya hudhani ni utani. Niliibandika mimi, Oktoba 2021. Nililipwa kuibandika.

Nasema niliyoyafanya kwa sababu nimechoka na ile stori inayorudi kila Bitcoin ikipanda. Kwamba biashara ndogo za Kenya zinakataa kripto kwa kuwa wenyewe hawajaelimishwa. Ati mama mboga anahitaji semina. Ati akishaelewa teknolojia, atapokea. Mimi nilikuwa kwenye hizo semina, tena mbele, na maiki mkononi. Nawaambia walioelewa haraka kuliko wote mle chumbani ni wale waliokunywa soda yao wakaenda zao bila kupakua programu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kampuni, ambayo siku hizi haipo, ilitupa begi la stika, tisheti mbili na soo tatu kwa kila duka tutakaloandikisha. Tuliitwa mabalozi. Balozi anaingia mtaani, anatafuta mwenye duka ambaye hana wateja wengi saa hiyo, anamsaidia kupakua programu, anamtumia Bitcoin za shilingi 50 ili azione zikiingia, halafu anapiga picha. Niliona nianze na watu wa kwetu. Anti alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Aliniuliza swali moja tu. "Sasa hii nikishaipokea, naipeleka wapi?"

Nikamjibu, na naona aibu kuandika, "Huipeleki popote, anti. Unaiacha ipande."

Mwenye duka ananiuliza kuhusu pesa, mimi namjibu kama dalali wa ploti za Kamulu.

Kwa wiki nane hivi alipokea Bitcoin za thamani ya shilingi 18,400. Ukitaka kujua nani alikuwa akilipa, karibu wote tulikuwa sisi wenyewe. Mabalozi walitoka Westlands na Kilimani, wakanunua mkate mmoja, wakapiga video kumi, wakaenda. Mmoja alinunua trei nzima ya mayai na kumwomba anti aishike vizuri ndio ionekane. Jirani wa kawaida, yule wa robo ya sukari na majani ya mbao, hakulipa kwa Bitcoin hata siku moja. Alikuwa na shilingi, na asipokuwa nazo alisema "niandikie".

Januari ikafika. Shule zilikuwa zinafunguliwa na yule wa jumla alikuwa anadai pesa ya unga aliomkopesha anti kabla ya Krismasi. Novemba 10 Bitcoin moja ilikuwa imefika karibu dola 69,000. Siku tuliyokaa kwenye kreti za soda kuuza zake, miezi miwili baadaye, ilikuwa inazunguka dola 41,000. Tulipomaliza, na kijana aliyezinunua akakata chake, anti alipata shilingi 12,100. Zilizopotea ni 6,300. Kwenye pakiti ya unga anabaki na shilingi nane hivi. Piga hesabu. Ni karibu pakiti 800 za unga, kuzibeba, kuzipanga, kuziuza, ndio shimo lizibike.

Hakunigombeza. Alifunga daftari lake, akaniangalia, akauliza, "Na hao watu wako, wewe walikuwa wanakulipa na nini?"

M-Pesa. Kila Ijumaa jioni, M-Pesa.

Tangu siku hiyo nina msimamo na siuzungushi. Pesa ya duka si ya kukaa, ni ya kupita. Saa kumi na mbili asubuhi mtu wa mkate yuko mlangoni na pikipiki inanguruma, anataka zake. Anafuata wa maziwa. Kuna wa jumla, kuna landilodi wa duka na landilodi wa nyumba, kuna leseni ya kaunti na kanjo wanaokuja hata kama leseni ipo, kuna tokeni za stima, kuna chama cha Jumapili. Kila mmoja kwenye huo msururu anataka shilingi. Duka likipokea kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao anayekitaka, basi halijalipwa. Limekukopesha. Wewe umeenda na mkate, mwenye duka umemwachia tiketi ya bahati nasibu, halafu unamwita mshamba akikataa.

Na nani hasa anataka kulipa nayo? Anayeamini itapanda kesho haitoi leo, itakuwa ni ujinga. Anayeogopa itashuka ndiye yuko mbio kuitoa. Kwa hivyo siku mbaya ndizo siku ambazo duka litaona wateja wa kripto, na siku nzuri wote wako nyumbani wanaangalia grafu. Hakuna biashara inayoweza kusimama juu ya mteja kama huyo.

Hata sikukuu yao inasema hivyo. Kila Mei 22 wapenzi wa Bitcoin duniani husherehekea siku ya pizza, kwa sababu tarehe hiyo mwaka wa 2010 mtaalamu mmoja wa kompyuta kule Florida, Laszlo Hanyecz, alitoa Bitcoin 10,000 kwa pizza mbili. Wanakula, wanacheka, wanahesabu hizo 10,000 zingekuwa mabilioni mangapi leo. Yaani wanamkumbuka mtu aliyenunua chakula, na wanachojifunza ni kwamba hangenunua. Halafu kuna kitu husemwa kwa haraka sana kwenye hizo hafla: mwenye pizza hakuiona Bitcoin hata moja. Kijana mwingine ndiye aliyeagiza pizza na kuzilipia kwa pesa za kawaida, kisha yeye akapokea zile 10,000. Kwa hivyo hata kwenye ununuzi maarufu kuliko wote, dukani zilifika dola.

Wataniambia Kayole ni kadogo, kwamba kitu kama hiki kinahitaji nchi nzima kukubaliana. Nchi ilijaribu. El Salvador ilifanya Bitcoin kuwa pesa halali kuanzia Septemba 7, 2021. Kifungu cha 7 cha sheria yao kilimtaka mfanyabiashara aipokee mteja akiitoa, labda tu awe hana teknolojia. Serikali ilitengeneza programu yake, Chivo, na kumpa kila raia aliyejiandikisha Bitcoin za dola 30. Ilifanya na lingine ambalo sisi mabalozi hatukuwahi kulifanya: ilitenga hazina ili mwenye duka aweze kugeuza alichopokea kuwa dola papo hapo. Fikiria hiyo nguvu yote. Sheria, zawadi, programu ya bure, na serikali kubeba hatari. Wachumi waliokwenda kuuliza raia walikuta kwamba wengi walichukua zile dola 30, wakazitumia, wakaachana na programu. Januari 2025, baada ya kukubaliana na IMF kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.4, bunge lao lilibadilisha sheria na kupokea kukawa kwa hiari.

Sasa mtu atuambie semina ya Kayole ingefanya nini.

Kuhusu kasi na ada sitakaa sana. Huyo aliyejiita Satoshi Nakamoto, kwenye waraka wake wa 2008, aliielezea Bitcoin kama pesa taslimu za kielektroniki. Lakini daftari lake la pamoja linaongezwa ukurasa kila baada ya dakika kumi hivi, na dunia nzima inagombania nafasi kwenye ukurasa huo. Foleni ikiwa ndefu, anayelipa zaidi ndiye anayeandikwa kwanza. Desemba 2017 duka la michezo ya kompyuta la Steam liliacha kupokea Bitcoin baada ya ada ya malipo moja kufika karibu dola 20, na lile ni duka la watu wanaojua kompyuta kweli kweli. Ndio, najua kuna Lightning, ni ya haraka na ada yake ni senti. Ndiyo tuliyokuwa tunatumia. Lakini kuiendesha mwenyewe kunataka kazi ambayo mwenye duka hana muda nayo, hivyo tulimpa programu inayomwekea sarafu zake. Ukiondoa maneno matamu, anti alikuwa ameweka pesa kwa kampuni. Kampuni ambayo haikuwa benki, haikuwa sacco, na ambayo Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeshaonya watu kuhusu sarafu za aina yake tangu Desemba 2015. Tulimtoa kwa kampuni ya simu inayojulikana ofisi zake, tukampeleka kwa kampuni ya simu ambayo hakuna anayeijua, na tukaliita tendo hilo uhuru.

Kulikuwa na jambo la makosa pia. Kwenye M-Pesa ukituma pesa mahali pabaya unapeleka ule ujumbe kwa 456 na unaomba. Najua hiyo njia inatumiwa vibaya, makondakta watakueleza: abiria anashuka Tom Mboya na kabla gari ligeuke amerudisha nauli yake. Lakini kuna mtu wa kumlilia. Na juu ya yote kuna jina. Anti hakubali malipo hadi asome jina kwenye ujumbe, maana jina ndilo humwambia ni nani aliyelipa na nani anajifanya amelipa. Kwenye kripto aliona herufi na tarakimu kama nywila ya Wi-Fi, na ukishakosea, umekosea.

Anti naye ana daftari la pamoja, kama tunaongea madaftari. Lina jalada jeusi na mgongo mwekundu na linakaa chini ya mizani. Tofauti ni kwamba la kwake linaweza kungoja. Baba fulani amelazwa hospitalini, laini yake inaachwa mwezi mzima bila kuguswa. Mwanafunzi amemaliza chuo na hajapata kazi, deni lake limeandikwa kwa penseli. Wanaosifu daftari lisiloweza kufutwa hawajawahi kuuza maziwa kwa watu wanaowajua.

Ushuru nao ulikuja. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta ushuru wa asilimia 3 kwa mali ya kidijitali, ukikatwa kwenye thamani yote iliyohamishwa, si kwenye faida. Chukua pakiti ya maziwa ya shilingi 60 ambayo mwenye duka anabaki na shilingi nne. Kama amelipwa kwa sarafu na sasa anaigeuza apate shilingi zake, 1.80 ni za serikali hata kabla mnunuzi wa sarafu hajakata chake. Karibu nusu ya faida. Ushuru huo uliondolewa 2025, ukaja mwingine wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, na mwaka huo huo ikapita sheria ya leseni kwa watoa huduma za mali za kidijitali, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ni hatua nzuri, angalau sasa kuna mlango wa kubisha. Lakini haikuifanya kripto kuwa pesa halali, na landilodi hajabadilisha nia.

Msidhani naabudu rangi ya kijani. Makato ya kutuma pesa yanauma, na 2023 serikali iliongeza ushuru wa hayo makato kutoka asilimia 12 hadi 15. Mtandao ukianguka jioni ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unasimama na simu juu kama wanaoomba mvua. Na nina rafiki anayewaandikia wateja wa Ulaya ambaye analipwa kwa USDT, baada ya kampuni moja ya malipo kufunga akaunti yake na kukaa na doo zake bila maelezo. Kwake hiyo sarafu imemlipia chuo cha mdogo wake. Siwezi kumwambia aache. Lakini angalia anavyofanya. Inaingia asubuhi, anaigeuza shilingi kabla ya chakula cha mchana, halafu anashuka dukani. Kwake kripto ni daraja la kuvukia bahari. Hajawahi kutaka kununua sukari juu ya daraja.

Hiyo USDT ndiyo mahubiri mapya. Sasa hivi ukitaja kupanda na kushuka kwa Bitcoin, wanakuambia hiyo ni ya zamani, siku hizi kuna sarafu iliyofungwa kwa dola, haitikisiki. Haitikisiki ukiwa unanunua unga kwa dola. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa chini ya 135. Duka lililolala na dola za kidijitali miezi hiyo miwili lilipoteza zaidi ya shilingi 15 kwa kila mia, bila sarafu yenyewe kuyumba hata kidogo. Mwaka uliotangulia lingefaidi, nakubali, maana shilingi ilikuwa inaporomoka. Lakini anti hajafungua duka la kubadilisha fedha. Anauza mayai.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nchi hii ina mfano wa wafanyabiashara wadogo kukubali pesa mpya, na hatukuwahi kuutaja kwenye semina hata moja. Mwaka wa 2013, kwenye mtaa wa Bangladesh kule Mombasa, wenye vibanda walianzisha Bangla-Pesa. Ilikuwa karatasi. Muuza maji aliipokea kwa sababu alijua muuza samaki ataipokea, na muuza samaki kwa sababu kinyozi ataipokea, na wote walikuwa wanachama waliodhaminiana. Siku ambazo shilingi zimekauka mtaani lakini maji yapo, samaki wapo na kinyozi amekaa bure, ile karatasi iliwasogeza. Serikali ilifanya nini? Ilikamata watu sita, akiwemo Will Ruddick aliyekuwa akiongoza mradi, wakahusishwa na kughushi, na mashtaka yakatupwa miezi michache baadaye. Wazo halikufa. Lilikua likawa Sarafu, ya kwenye simu.

Angalia walikoanzia. Walianza na swali la anti: nikishaipokea, naipeleka wapi? Walikuwa na jibu kabla ya kuchapisha karatasi ya kwanza. Sisi tulianza na stika.

Kuna wa kuniambia niende Kibera, Soweto West, ambako tangu 2022 mradi wa AfriBit Africa umekuwa ukiwalipa vijana wa kuzoa taka kwa Bitcoin na baadhi ya vibanda vinaipokea. Sina ugomvi na vijana wanaozoa taka wakapata pesa. Hapo kuna afadhali kuliko kwetu, kwa sababu anayelipa dukani ameilipwa kwa jasho na hana nyingine mfukoni, si balozi wa video. Swali langu ni la upande wa pili wa kaunta. Hizo zinazoingia kwenye kibanda cha mboga zinatoka tena kwenda wapi? Kama muuza mboga atazipeleka Marikiti saa kumi alfajiri na mwenye lori la kabichi azikubali, nitavaa ile tisheti tena. Kama lazima azigeuze shilingi kwanza, na abebe yeye gharama na hatari ya kugeuza, basi wazoa taka wangelipwa shilingi tangu mwanzo na muuza mboga alale.

Kwa hivyo wewe unayezunguka na begi la stika mwaka huu, na najua mpo kwa sababu nawaona, fanya hivi. Mwambie anayekulipa akulipe kwa hiyo sarafu, mshahara wote. Lipia keja nayo. Panda nayo matatu ya Rongai saa mbili usiku, mvua ikinyesha. Nenda nayo kwa kampuni ya kusaga unga na kwa bohari ya jumla, kule kwenye wahasibu, kompyuta na mawakili wa kusoma masharti, uwashawishi wao kwanza. Mbona hatukwendi huko? Mimi najua. Kule wanauliza maswali, na kwa anti tulipewa chai.

Mwezi uliopita nilikuwa pale dukani Jumamosi, nikimsaidia kupanga kreti, kijana mmoja akaja. Mpole, amevaa vizuri, tisheti ya samawati safari hii. Akamsalimia anti kwa heshima zote, akaanza kumweleza kuhusu sarafu ya dola, kwamba haitikisiki, kwamba Lagos na Buenos Aires watu wanaitumia. Mimi nikajifanya nahesabu chupa. Anti alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha chai, halafu akamwambia, "Mwanangu, mimi sina shida nayo. Nenda kwanza kwa yule ananiuzia unga. Akikubali, rudi uniwekee hiyo stika yako mahali unataka."

Kijana akauliza ni wapi. Anti akatoka nje ya kaunta kabisa, akamwonyesha kwa mkono: ushuke na hii barabara hadi stegi, uvuke, mlango wa kijani ulio karibu na wa mitungi ya gesi, umwulize mzee mwenyewe, usiongee na wale vijana wa mlangoni.